Kadi ya Dabo, Mtaa wa Sikukuu

Mzee Augustino amechapa kadi za harusi Kariakoo kwa miaka ishirini na sita, na katika muda wote huo amekosea mara moja tu. Bahati mbaya, siku hiyo moja alikosea kwelikweli.

Ilikuwa mwaka jana. Kadi mia tatu na hamsini, karatasi nzito ya rangi ya maziwa, utepe wa dhahabu, na katikati, kwa mwandiko wa kurembaremba, familia moja ikatangaza kwamba ina furaha kuwaalika ndugu na marafiki kwenye harufu ya kijana wao mpendwa. Ni herufi moja tu iliyokaa mahali pa mwenzake. Wanakamati saba walikuwa wamejipanga nyuma ya kiti chake siku ile, wote wakiitazama skrini moja, mmoja akipumua kwenye sikio lake, mwingine akitafuna karanga, na wote saba wakasema, "Safi kabisa mzee, chapa." Kadi zikachapwa, zikafungwa utepe, zikagawiwa mpaka Kibaha. Aliyegundua ni MC, na aligundua akiwa anaisoma ukumbini kwa sauti, na kipaza sauti siku hiyo kilikuwa kizima.

Mwenyekiti wa kamati ile alikuwa Mama Clotilda. Parokiani kwao hakuna watu wanaooana bila Mama Clotilda kuwa mwenyekiti, katibu au mweka hazina, na mara nyingine vyote vitatu. Tangu siku hiyo akina mama wa kwaya wakikutana naye baada ya misa humwuliza kwa upole mkubwa, "Mama Clotilda, harufu nyingine lini?" Yeye hucheka nao, kisha anatembea peke yake mpaka kituoni.

Mwezi wa sita mwaka huu aliingia kwenye fremu ya duka la Augustino, Mtaa wa Sikukuu, akabaki amesimama ingawa aliwekewa kiti.

"Augustino, nakupa harusi moja. Ya mwisho. Mtoto wa kaka yangu, Jacqueline, anaolewa na kijana anaitwa Beno. Jumamosi saa nane tunakuja kuona kadi, sisi na wa kiumeni. Likitokea kosa lingine, hata nukta, parokia nzima inahamia kwa yule mwenye televisheni ukutani."

Yule mwenye televisheni ukutani yuko milango miwili mbele, ana umri wa miaka thelathini, na wateja wake huangalia kadi zao wakiwa wamekaa kwenye kochi. Nusu ya kazi za Augustino hutoka parokia ya Mama Clotilda. Alipoondoka, mzee alikaa akiitazama ile nafasi ya nyuma ya kiti chake, pale ambapo kamati zote husimama, na akaona adui yake yupo pale. Watu saba hawawezi kusoma skrini moja. Wanaweza kuiangalia tu, kama wanavyoangalia ajali.

Akaamua kuweka skrini tatu. Moja itamtazama yeye. Mbili zitakaa juu ya kaunta zikiwatazama wateja: moja ya upande wa bibi harusi, moja ya upande wa bwana harusi. Kila upande utasoma wake, kisha utasaini. Skrini zenyewe alikuwa nazo, mbili za ziada alizinunua mnadani ofisi moja ya Kivukoni ilipokuwa inahama. Kompyuta yake ndiyo ilikuwa na tundu moja tu la kutolea picha.

"Mzee, hapa wanasema inahitaji kadi," alisema Kuruthumu, akisoma kwenye simu yake. Kuruthumu ndiye anayekata, kukunja na kufunga utepe kwenye fremu ile, mwanamke wa Newala mwenye mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi. "Kadi ya grafiki. Unaipachika ndani, inatoa picha kwenye skrini nyingi."

"Kadi?" Augustino akanyanyua kichwa. "Kuru, mwanangu, kama ni kadi basi tumeshamaliza."

Kuna miji ambako kadi ya harusi ni karatasi ya heshima. Unaiweka juu ya kabati na kuisahau. Dar es Salaam kadi ni tiketi. Pembeni yake huandikwa singo au dabo, na mlangoni kuna mabaunsa wanaoisoma kwa makini kuliko benki inavyosoma saini. Mwenye singo anaingia peke yake hata kama amekuja na mke, mkwe na mtoto mgongoni. Mwenye dabo anaingiza wawili. Ukishinda ndani ya biashara hiyo miaka ishirini na sita, dunia nzima inagawanyika hivyo, na Augustino akapiga hesabu yake bila wasiwasi wowote. Skrini moja tayari inafanya kazi. Zinazosubiri mlangoni ni mbili. Kwa hiyo ni kadi ya dabo.

"Mwulize Heriel vizuri lakini," Kuruthumu akasema.

"Nimwulize Mpare habari za kadi?"

Heriel ana meza na kabati la kioo kwenye korido ya ghorofa ya pili, Mtaa wa Aggrey, katikati ya mwuza chaja na fundi simu. Anauza kompyuta za ofisi zilizotumika nje, na vipuri vyake. Ndiye aliyemuuzia Augustino kompyuta yake miaka mitano iliyopita, na tangu siku hiyo hawajawahi kuongea jambo la maana. Hawawezi. Heriel ni Mpare wa Usangi, Augustino ni Mchaga wa Kibosho, na watani hao wawili wakikutana hata salamu ni mashambulizi: Mchaga huchekwa kwa kupenda hela, Mpare kwa ubahili na kesi zisizokwisha.

"Mangi!" Heriel alimwita kwa cheo cha chifu wa Kichaga, Jumatano ya wiki hiyo, alipomwona anapanda ngazi. "Leo umeacha duka wazi? Au ndugu zako wamekutikisia sarafu sikioni ndiyo ukaamka?"

"Nimekuja kuangalia kama ile kesi yako ya kuku imekwisha."

"Imefika rufaa. Nimeshauza ng'ombe wa pili. Karibu kiti."

"Sikai, kiti cha Mpare kina kodi. Nataka kadi ya grafiki."

"Ya kazi gani?"

"Ya kompyuta."

"Najua ni ya kompyuta, Mangi. Unataka kuifanyia nini? Gemu? Video?"

"Nataka ya dabo."

Heriel akaangalia kabati lake. "Dabo?"

"Dabo! Umewahi kusikia singo? Basi si hiyo. Nimeanza kuuza kadi wewe ukiwa bado unafukuza nyani shambani, leo unaniuliza dabo ni kitu gani."

Sasa, kwenye korido ile neno dabo lipo pia, ila lina kazi yake. Wauza kompyuta wakisema kadi ya dabo wanamaanisha ile nene, yenye feni mbili, inayokalia nafasi mbili ndani ya mashine. Vijana wa gemu huipenda kama wanavyopenda rimu za gari. Heriel akafungua kabati, akaitoa moja, akaiweka juu ya kioo kwa mikono miwili. Ilikuwa nyeusi, nzito kama tofali, na feni zake mbili zilimkodolea Augustino macho. Mzee aliipenda papo hapo. Dabo, na inaonekana kuwa dabo.

"Hii ndiyo dabo," Heriel akasema. "Lakini haitakufaa. Mashine yako nimekuuzia mimi, tumbo lake nalijua. Hii inakaa viti viwili. Kwako kuna kiti kimoja, tena kifupi."

Augustino akacheka mpaka akashika kabati. "Viti viwili! Na sahani ngapi?"

"Nasema kweli, Mangi. Halafu inataka waya wake wa umeme, na pawa saplai yako haina waya huo."

"Na chakula cha mchana haitaki?"

"Nakwambia haiingii!"

"Jamani!" Augustino akawageukia watu wa korido nzima. "Njooni mshuhudie! Dunia imefika mwisho! Mpare ana bidhaa mezani, mteja ana hela mkononi, na Mpare anakataa kuuza!"

Fundi simu akacheka. Mwuza chaja akapiga makofi. Heriel alijaribu kukunja uso, lakini uso wake haujazoea kukunjwa mbele ya mtani, na yeye mwenyewe akaangua kicheko. Hapo ndipo alipopotea. Mtani akishacheka, hata angekuwa ametaja tarehe ya kifo chake, hakuna wa kumwamini. Akaifunga kadi kwenye mfuko mweusi, akampa, na wakaagana kwa matusi ya kawaida.

Kompyuta ya Augustino ni ya aina ile ya kulala, nyembamba kama boksi la shati. Saa tisa alasiri alilegeza skrubu zake tatu, akavua mfuniko, akaichukua kadi yake kwa heshima kama mtu anayebeba keki, akaishusha ndani. Haikushuka. Akaigeuza. Akaiinamisha. Kile kipande cha bati cha pembeni kilikuwa kirefu kuliko kompyuta yenyewe, na feni ya pili iligota kwenye pawa saplai kabla kadi haijafika hata karibu na mahali pake. Ilibaki imesimama juu juu, nusu ndani nusu nje, kama mtu mzima aliyekalishwa kwenye kiti cha chekechea.

Kuruthumu aliacha utepe, akaja kuangalia.

"Mzee," akasema baada ya muda, "huyu mgeni ana kadi ya dabo, au yeye mwenyewe ndiye dabo?"

Augustino akaichomoa kadi. Alikuwa anasikia sauti ya Heriel kichwani, viti viwili, kiti kimoja, tena kifupi, na jasho lilikuwa linamtoka mahali ambapo feni ya dukani haifiki. Jumatano ilikuwa inakwisha. Akachukua simu.

"Umeniuzia kitu hakiingii!"

"Nilikwambia hakiingii," Heriel akasema.

"Ulikuwa unanitania!"

"Nilikuwa nasema kweli."

"Sasa mimi nitajuaje?"

Miaka mitano ya urafiki, na swali hilo halikuwahi kumpitia yeyote kati yao: siku mmoja akiwa na jambo la kweli, atalisemaje?

"Mwambie tunaenda kesho asubuhi," Kuruthumu akasema kutoka kwenye meza ya utepe. "Mimi ni Mmakonde. Sina utani na yeyote kati yenu. Mtaongea kupitia kwangu."

Na ndivyo ilivyokuwa. Alhamisi saa tatu Kuruthumu aliketi kwenye kiti cha Heriel, mfuko mweusi mapajani, Augustino akiwa kushoto na Heriel kulia, akatangaza utaratibu. Heriel atamwambia yeye. Yeye atamwambia mzee. Atakayecheka, kikao kinafungwa.

"Dada," Heriel akaanza, "mwambie Mangi kwamba jana..."

"Nimesikia," Augustino akasema. "Niko hapa."

"Hujasikia mpaka nikuambie," Kuruthumu akasema. "Endelea, kaka Heriel. Ya jana yaache. Tunataka skrini tatu, moja ya mzee na mbili za wateja."

"Za kuangalia nini?"

"Kadi za harusi. Maandishi."

"Hakuna gemu? Hakuna sinema?"

Kuruthumu akamgeukia Augustino. "Anauliza kama kuna gemu."

"Kuna maua ya waridi pembeni," Augustino akasema kwa unyonge. "Na njiwa wawili."

"Kaka, kuna njiwa wawili, lakini hawaruki."

"Basi hawahitaji feni mbili." Heriel sasa alikuwa ameinama juu ya kabati, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya kazi. Augustino alimtazama kwa mshangao; hakujua kwamba mtu huyu ana sauti ya pili. "Dada, mwambie, kwenye kadi ya grafiki asihesabu feni. Feni ni za nguvu, na nguvu ni za gemu. Ahesabu matundu. Kila skrini inataka tundu lake."

Akapanga tatu juu ya kioo. Ya kwanza ilikuwa ile dabo ya jana, iliyotoka kwenye mfuko wake. Ya pili ilikuwa nyembamba, na kwenye tundu lake moja pana ulikuwa unatoka waya wenye matawi mawili. Hii, alisema, inalisha skrini mbili tu, nyinyi mnataka tatu, na mashine yenu ukishaipachika kadi, lile tundu lake la zamani linalala usingizi. Linaweza kuamshwa, lakini kila umeme ukikatika mtakuwa mnanipigia simu. Ya tatu ilikuwa ndogo kuliko zote, kama kiganja cha mtoto, na feni moja iliyochoka kidogo. Pembeni yake kulikuwa na matundu manne madogo yamepangana kama vishikizo vya shati.

"Hii ilikuwa ya ofisi, watu wa benki na hesabu. Skrini nne. Haitaki waya wa umeme wa peke yake, inakunywa humo humo ndani. Na bati lake ni fupi, linaingia kwenye ile mashine yenu."

"Mzee, anasema hii."

Augustino akaikunja midomo. Miaka ishirini na sita ya kuuza karatasi nzito imemfundisha kwamba kitu cha maana kina uzito. "Hii ndogo? Hii si ni singo?"

"Ina matundu manne, mzee."

"Manne." Akayahesabu kwa kidole. Akayahesabu tena. "Kwa hiyo inaingiza watu wanne."

"Wanne, na haikai hata kiti cha pili," Kuruthumu akasema. "Wageni wote wangekuwa hivi, kamati zisingekuwa na presha."

Mdomo wa Heriel ulicheza. Kuruthumu akamtolea jicho, ukatulia.

Zilibaki adapta, kwa sababu skrini za Augustino ni za zamani, za plagi ya bluu, na matundu yale ni ya kisasa. Heriel akachagua tatu zenye saketi ndani, akizikataa zile nyepesi za mwuza chaja, na hapo napo Kuruthumu alitafsiri neno kwa neno ingawa wote watatu walikuwa wanaongea Kiswahili kile kile. Kuhusu kurudisha ile dabo, Heriel alisema ataipokea, kwa sharti moja.

"Sharti gani?" Kuruthumu akauliza.

"Mangi aseme: Mpare alisema kweli."

Augustino akasimama. "Kuru, mwulize kama naweza kulipia mara mbili badala yake."

"Anauliza kama..."

"Hapana."

Mzee alitazama ngazi. Alitazama ile kadi ndogo. Akafikiria Jumamosi saa nane na viatu vya Mama Clotilda vikipanda kizingiti cha duka lake. "Mpare," akasema kwa sauti ya mtu anayeungama, "alisema kweli."

"Korido haijasikia," fundi simu akasema, bila kunyanyua macho kwenye kazi yake.

Kadi ilipachikwa Ijumaa asubuhi na ikaingia kama imezaliwa humo. Skrini mbili za kaunta zikawaka. Ya Augustino mwenyewe ikabaki nyeusi, akaapa kwamba sasa hivi anapanda Aggrey kumvunja mtu, mpaka Kuruthumu alipoinama nyuma ya meza, akauchomoa waya kwenye lile tundu la zamani lililolala na kuuhamishia kwenye kadi. Ikawaka. Picha moja, mahali patatu. Augustino alikaa akisogeza njiwa wake huku na huku karibu saa nzima, akiwaangalia wanavyosogea kote kwa pamoja.

Jumamosi saa nane kasoro dakika tano walifika. Mama Clotilda alikuja na dada zake wawili. Kwa upande wa kiumeni alikuja baba mdogo wa Beno, Marcelino, mtu mpole wa Songea aliyevaa suti ya kahawia kana kwamba harusi ni leo, pamoja na mke wake. Augustino akawaonyesha viti: wa kikeni skrini ya kulia, wa kiumeni skrini ya kushoto.

"Kila mtu na yake?" Mama Clotilda akauliza.

"Kila upande na yake, mama. Mnasoma kwa nafasi, halafu mnasaini."

Mama Clotilda hakusifu, lakini aliketi, na hilo lilikuwa jipya. Augustino akaifungua kadi. Kwa muda wa pumzi tatu mambo yalikuwa mazuri.

"Mbona mmechagua pinki?" akasema mke wa Marcelino.

"Pinki gani?" akasema Mama Clotilda. "Hii ni krimu. Tulikubaliana krimu."

"Dada yangu, hii ni pinki. Pinki ya sabuni."

"Mimi sijaolewa na sabuni, naijua krimu nikiiona."

Augustino akachungulia skrini zote mbili. Skrini mbili za mnada, zimezeeka katika vyumba viwili tofauti, moja inaelekea manjano na nyingine inaelekea wekundu. Kadi ndogo ya Heriel ilikuwa inatoa picha ile ile kwa haki kabisa. Skrini ndizo zilizokuwa na maoni. Mwaka jana watu saba waliona kitu kimoja wakakubaliana upuuzi. Leo watu watano wanaona vitu viwili na wanaanza kutajana makabila.

"Labda kwenu Songea krimu ndiyo hiyo," mmoja wa dada zake Mama Clotilda akasema.

"Shangazi," Marcelino akasema kwa upole, "njooni huku muone wenyewe."

"Siji huko. Huku ndiko nilikokalishwa. Augustino! Hii ndiyo akili yako mpya? Mwaka jana uliniaibisha, mwaka huu unatugombanisha?" Akaanza kuokota mkoba wake.

Kuruthumu alikuwa amesimama kwenye meza ya utepe, mkasi hewani. Augustino aliutazama ule mkoba ukinyanyuka kutoka sakafuni, na parokia nzima ikiwa ndani yake. Rangi, akawaza. Wanaona rangi tu. Hakuna hata mmoja aliyesoma neno.

Akabonyeza vitufe viwili. Krimu ikaondoka, pinki ikaondoka, maua yakaondoka, njiwa wakaruka kwa mara ya kwanza maishani mwao. Kwenye skrini zote tatu yakabaki maandishi meusi juu ya weupe, makubwa, kama ubao wa darasani.

"Rangi mtaiona kwenye karatasi," akasema, na akashangaa sauti yake ilivyotulia. "Nitawachapia moja muishike mkononi. Huko kwenye skrini someni maneno tu. Neno kwa neno. Mama Clotilda, naomba uanze wewe."

Mkoba ulikaa hewani kidogo, ukarudi chini. Mama Clotilda akavaa miwani. Hakuna aliyekuwa anapumua sikioni kwake, hakuna aliyemsukuma. Akasoma kwa sauti, kama anavyosoma somo la kwanza kanisani, akitua kwenye kila koma. Alipofika kwenye neno harusi alisimama, akalitazama kwa muda mrefu kuliko maneno yote, akaendelea. Kisha akasimama tena.

"Hapa pana kosa."

Augustino akainuka kitini. "Wapi, mama?"

"Jina la mtoto wetu. Hapa pameandikwa J, a, c, k. Jackline. Mtoto wetu si wa hivyo. Mtoto wetu ni J, a, c, q, mpaka mwisho. Imeandikwa hivyo kwenye cheti cha ubatizo, niliandikisha mimi."

"Mama, mimi nimeandika kama nilivyoletewa."

"Umeletewa na nani?"

Augustino akamtazama Marcelino. Marcelino akaitazama suti yake, kisha akatoa simu, akatafuta, akatafuta tena, akiwa na matumaini kwamba ujumbe ule umepotea. Haukuwa umepotea. Ulikuwa wa Beno mwenyewe, bwana harusi, na maandishi yote ya kadi yalikuwemo, na Jackline alikuwemo mara tatu.

"Mpigie," Mama Clotilda akasema. "Weka sauti kubwa."

Simu ikaita mara mbili.

"Baba mdogo, mambo yameenda?"

"Beno," Mama Clotilda akasema.

"Oh! Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mchumba wako anaitwa nani?"

"Jacqueline, shangazi."

"Vizuri. Nitajie herufi zake."

"Herufi?"

"Moja moja."

"J," Beno akasema. "A. C." Akasita. Dukani kila mtu alikuwa ameinamia simu. "K..."

"Simama hapo hapo."

Kuruthumu alikuwa amejificha nyuma ya rundo la bahasha na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mke wa Marcelino alifunika uso kwa mikono, kisha akaanza kucheka vidoleni, na dada zake Mama Clotilda wakaanza, na Marcelino akasema kwa huzuni, "Lakini shangazi, simu ndiyo inaandika yenyewe," jambo ambalo halikumsaidia mtu.

"Miaka minne ya uchumba," Mama Clotilda aliiambia simu. "Miaka minne umekuwa unamwandikia nani, mwanangu?"

"Huwa namwita Jack, shangazi."

"Utakuja kwangu kesho baada ya misa ya pili. Uje na kalamu."

Alipokata simu alikuwa anacheka yeye pia, machozi yakimtoka chini ya miwani, na Augustino, ambaye hakuwahi kumwona akicheka ndani ya fremu ile, alilirekebisha jina lile mahali pote patatu. Wakasoma tena kutoka mwanzo, pande zote mbili. Akawachapia karatasi moja. Ilikuwa krimu yenye wekundu kwa mbali, na kila upande ukaondoka na imani kwamba umeshinda. Wakasaini.

Wa kiumeni waliaga. Dada zake Mama Clotilda wakatangulia kwenda kuangalia vitenge. Yeye alibaki kwenye kiti chake.

"Mwezi wa tisa kuna kipaimara," akasema. "Watoto mia na arobaini. Nitakuletea majina mimi mwenyewe."

"Asante sana, mama."

"Usinishukuru. Hebu nifungulie na hizo nyingine."

"Zipi, mama?"

"Hizo ulizonazo humo. Za watu."

"Hizo ni za wateja wengine, mama, mbili zinaenda kuchapwa Jumatatu."

"Ndiyo maana nasema fungua." Alisogeza kiti karibu na skrini ya kulia, akapanga mkoba wake pembeni kama mtu aliyeripoti kazini. Kuruthumu akamletea soda bila kuambiwa. Augustino akafungua kadi ya kwanza, kisha ya pili, na saa kumi ikamkuta bado anafungua.

"Augustino. 'Mwenyezi' inaanza na herufi kubwa au ndogo?"

"Kubwa, mama."

"Basi njoo uone hapa."